Vichwa Sitini Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Baba mkubwa Elimringi amepiga simu saa mbili asubuhi, nikiwa natundika zipu kibandani. Anakuja Ijumaa kutoka Marangu. Macho yanamsumbua, ana miadi kliniki. Atalala kwetu mpaka Jumatatu. Vizuri. Halafu akasema, kwa sauti ile ya kikao cha ukoo, kwamba akiwa hapa ataikagua mifugo yangu.

Mifugo yangu!

Niweke mambo sawa. Krismasi iliyopita ukoo mzima ulikaa pale Marangu, kila mtu akataja alichonacho. Huyu ng'ombe wanne, yule nguruwe, hata shangazi mjane ana sungura. Ikafika zamu yangu. Mimi nauza zipu na vifungo Kariakoo. Nikasema nafuga. Wakauliza vichwa vingapi. Nikasema sitini. Hawakuuliza vichwa vya nini. Hapo kosa ni lao.

Wakati ule sikuwa na hata kuku. Mwezi wa nane dhamiri ikanisuta, nikanunua. Kamba! Kamba wadogo wekundu wa maji baridi, urefu wa ukucha, wanakaa kwenye tangi la kioo sebuleni kwetu, ghorofa ya tatu, Mchafukoge. Vichwa kumi. Nimebakiza hamsini tu.

Na si mchezo, maana kuna suala la kihamba, lile shamba la ukoo, alichoacha marehemu Babu. Nyumba, migomba, kahawa, na mfongo, mfereji wa maji, unaopita katikati. Hakina mtu tangu shangazi aliyekitunza ahamie kwa mwanawe Arusha. Baba mkubwa ndiye anayeamua kikabidhiwe nani, na ameshasema wazi kwamba atampa mwenye mkono wa kufuga. Tumebaki wawili, mimi na binamu yangu Vitalis, muuza mabomba. Vitalis ana doa. Mwaka 1999, tukiwa na miaka kumi na moja, aliacha zizi wazi na beberu wa Krismasi akapotea. Ukoo wetu hausahau. Mimi binafsi jambo la beberu sipendi kulizungumzia.

Nakitaka kile kihamba. Nakitaka kweli. Kuna siku joto la Mchafukoge linanibana, nafumba macho, nasikia ule mfongo.

Mchana nimeshuka mtaa wa Gerezani kwa Twaha, fundi wa vioo vya magari ambaye pembeni anaunda matangi na kuuza viumbe vya kuweka ndani. Nikamuuliza dawa ya kuwaharakisha kamba wazae hamsini kabla ya Ijumaa. Akasema jike hubeba mayai chini ya tumbo karibu mwezi mzima, wala hayaharakishwi. Fundi mzuri, lakini hana imani.

Jumanne, 8 Oktoba

Msiba! Asubuhi nimekuta maiti tatu chini ya tangi. Nyeupe, zimekauka damu yote, macho matupu. Nilimwita Celina, mke wangu. Alikuwa kwenye cherehani anamalizia mapazia ya mteja, akasema anakuja. Sikumsubiri. Nilishajua muuaji.

Sadalla! Jirani wa mlango wa mbele, mtu wa Kariakoo tangu enzi za babu yake, muuza marashi. Ana tangi kubwa kuliko langu, lenye taa, na samaki wa dhahabu kumi na wawili wanaozunguka kama maharusi. Tangu nilete kamba wangu anawaita dagaa wenye miguu. Na kila Jumatatu jioni mkewe, Badria, anafukiza udi, na ule moshi unapita chini ya mlango wangu bila kubisha hodi. Ushahidi gani tena?

Nikaziweka maiti kwenye kiberiti, nikavuka korido, nikagonga. Nilizungumza kwa dakika kumi. Nadhani nilizungumza vizuri. Milango mingine ya ghorofa ikafunguka, watu wakatoka na vikombe vyao vya chai. Nikataja udi, wivu, na ujirani uliokufa.

Sadalla akafungua kile kiberiti. Akakitazama. Akaniuliza kwa upole nimewahesabu waliobaki? Nikasema msibani hatuhesabu. Akanishika mkono mpaka sebuleni kwangu, umati nyuma yetu, akahesabu kwa kidole. Kumi. Wazima wote, wanakula.

"Mangi," akasema, maana Wachaga wote anatuita hivyo, "hizi si maiti. Wamevua nguo. Kamba akikua anavua gamba anavaa jipya."

Watu walicheka mpaka ghorofa ya chini wakauliza kuna nini. Mama mmoja ameniomba kile kiberiti awaonyeshe wajukuu. Nimemwomba Sadalla radhi, kwa kiasi. Celina alifika nikiwa naingia ndani. Akasema ndicho alichotaka kuniambia, maana wanavua kila baada ya wiki chache na yeye huwaachia wayale yale magamba, yanawafaa.

Anajuaje hayo yote? Anashinda nao nyumbani, labda ndiyo maana.

Jumatano, 9 Oktoba

Siku njema. Akili imefanya kazi.

Twaha aliwahi kusema kamba hawazai mahali peupe. Wanataka majani, wajifiche, wajisikie kwao. Tangi langu lina mchanga na pampu ya hewa tu. Pale kama ni chumba, ni chumba cha polisi. Sasa, majani ya matangini Twaha anayo, lakini ya nini nikambembeleze mtu wakati kwenye baraza langu kuna chungu kizima cha masale?

Mama alinipa mche ule nilipohamia Dar. Kila Mchaga anao, au anajua pa kuupata. Isale ni mmea wa heshima. Tunaupanda mpakani, tunaupanda makaburini, na jani lake ndilo la msamaha. Umemkosea mtu, unamchukulia isale, na akishaliona hawezi kukukatalia. Ila pia ni kijani, limenyooka, na halinyauki ukilisimamisha majini. Kwa nini Mungu aliliumba hivyo?

Nikakata yote manne, yamenona. Nikayasimamisha mchangani, safu nzuri, ncha zikatokeza juu ya maji. Kamba wakapanda mara moja! Mmoja alifika mpaka juu, akatulia, akatazama sebule yote. Nilijisikia fahari ambayo sikuisikia hata siku ya harusi. Hili la mwisho Celina asilisome.

Celina kaacha cherehani, kayatazama yale majani, kaniuliza kama nina akili timamu. Yeye naye Mchaga, kwao Kibosho. Akasema isale halichezewi, na hasa si wiki ambayo mzee anakuja. Nikamweleza kwamba hii ni sayansi. Akasema sawa. Celina akisema sawa maana yake si sawa, lakini nilikuwa na mengi ya kufanya.

Kaongeza kitu kuhusu yule jike mkubwa na tumbo lake. Nikamwambia baadaye.

Alhamisi, 10 Oktoba

Bado ni kumi. Nimehesabu mara saba.

Basi kama hawawezi kuwa sitini, inatosha waonekane sitini. Wazo limenijia nikiwa kwa kinyozi. Nimekaa kwenye kiti, kioo mbele, kioo nyuma, nikaona Ansbert mmoja, wawili, watano, mpaka ukuta wa mwisho wote wananyolewa. Niliruka na shuka shingoni!

Nimebandua kioo cha kabati la Celina. Nimeazima vingine viwili kwa kinyozi. Kimoja nyuma ya tangi, viwili ubavuni, vimegeuziwa ndani. Jioni nikawasha taa na kukaa kwenye kochi la wageni. Ajabu! Kundi! Mbuga! Kamba mmoja akitembea wanatembea sita. Nilihesabu mpaka sitini na nne nikaacha, isije ikaonekana najisifu.

Bado jambo moja, ila limekaa vizuri lenyewe. Macho ya Baba mkubwa ni mabovu. Basi linaingia mchana, miadi ya kliniki ni kesho yake, Jumamosi. Kwa hiyo ataikagua mifugo kesho kwa macho yale ya zamani. Ataona wekundu mwingi unatembea, atatikisa kichwa, atasema aika, asante ya kwetu, na kihamba ni changu. Jumamosi wakimpa miwani, kikao kimeshafungwa.

Sadalla amepita kunisalimia. Kaangalia vioo. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia yangu ina vioo pande tatu, itaonekana ndefu. Hakucheka. Hawa watu wa marashi hawana utani asubuhi, na jioni pia.

Ijumaa, 11 Oktoba

Balaa!

Saa nane nilikwenda kumpokea kituoni. Hayupo. Nikapiga simu, haipokelewi. Nikarudi mbio. Saa kumi mlango unagongwa, Baba mkubwa huyo! Koti, kofia, fimbo. Na usoni, miwani! Miwani mipya, minene, inang'aa! Alifika alfajiri kwa basi la usiku, akaona si vizuri kutuamsha, akaenda kliniki moja kwa moja. Walikuwa na nafasi wakamhudumia. Akasema anaona mpaka sisimizi.

Nikamwamkia. Marahaba. Celina akamwamkia. Marahaba, mama. Akaelekezwa kochi la wageni, lile linalotazamana na tangi. Alikuwa anakaa. Hakukaa. Alibaki amejikunja katikati, mkono kwenye fimbo, anatazama mbele.

Nikatazama anachotazama. Ee Mungu wangu.

Niliweka vile vioo ili kamba kumi waonekane sitini. Sikufikiria hata kidogo kwamba na majani manne ya isale yataonekana ishirini na nne. Msitu! Msitu mzima wa msamaha, umesimama majini, unamwelekea mzee, na katikati yake wazee sita wenye kofia na miwani wanamkodolea macho.

Baba mkubwa akavua kofia. Akaniuliza, taratibu, nimemuua nani.

Nilitaka kusema ni mapambo. Celina akanikanyaga mguu. Alikuwa sahihi. Isale kuwa pambo la wadudu! Kwa hilo pekee angeondoka na basi la jioni, na kihamba kingeondoka naye. Nikanyamaza. Yeye akachukulia kunyamaza kwangu kuwa uchungu. Akasogea mpaka tangini, akagusa kila jani kwa ncha ya fimbo, akagundua vioo, akahesabu ya kweli. Manne. Akashusha pumzi. Akasema katika maisha yake ameletewa isale mara tatu, na siku zote moja moja. Mtu anayesimamisha manne ana makosa manne. Yeye hawezi kukataa, ila hatakaa wala kunywa maji mpaka ayasikie yote manne.

Ndizi za machalari zilikuwa mezani, zinapoa. Mzee wa miaka sabini na sita amesimama. Ningefanya nini? Nikajikaza kisabuni.

La kwanza. Lile koti lake la harusi nililivaa bila ruhusa kwenda kwenye usaili mwaka 2010, likachanika kwapani, nikalirudisha kabatini. Panya wakalaumiwa. Paka akatolewa kwa jirani kwa uvivu. Mzee akafikiri. Akasema yule paka alikuwa mzuri. Akanisamehe, akachomoa jani la kwanza, akaliweka mezani.

La pili. Kahawa ya mwaka 2003. Nilitia kokoto kwenye gunia ili lipande uzito. Akasema alijua, lakini alidhani ni shangazi. Jani la pili.

La tatu. Redio yake haikupigwa na radi. Jani la tatu.

La nne sikuwa nalo. Namaanisha, nilikuwa nalo, ila nilikuwa natafuta jingine. Nilisimama pale natoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Jasho. Celina ananitazama. Mzee ananitazama, na miwani ile, nikajiona mdogo ndani ya kila kioo. Na ghafla nikaona sitaki kutafuta jingine. Nimelibeba miaka ishirini na mitano.

Nikasema beberu wa Krismasi hakutoroka. Nilimkodisha. Nilimpeleka kwa jirani mmoja wa bondeni akae na mbuzi wake majike siku mbili, naye anipe tairi la baiskeli. Tairi nilipata. Beberu waliomla. Nikarudi nikafungua zizi, nikasema Vitalis ndiye aliyeliacha wazi. Akachapwa mbele ya wageni, nami nilisimama pembeni nimeshika tairi.

Baba mkubwa akasogea tena tangini. Akachomoa jani la nne. Akasema amenisamehe, kwa sababu mila haimpi njia nyingine. Akakaa. Akala machalari mpaka sahani ikang'aa.

Nilianza kupumua. Ndipo akafuta miwani kwa leso, akaivaa tena, akasema kama mifugo yenyewe ni hiyo ya tangini, kesho baada ya chai ataihesabu yote sitini.

Majani yameisha! Nimekwenda barazani kutazama chungu. Vishina vinne vitupu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Asubuhi na mapema nilikwenda kwa Sadalla. Nimekunja mikono, sauti ya chini, jirani kwa jirani. Nikamwomba wale samaki kumi na wawili kwa saa mbili tu. Hesabu yangu ilikuwa nzuri: kumi na kumi na wawili, ishirini na wawili, nirudishe vioo kwa pembe nzuri zaidi, na kichwa ni kichwa, mzee hajataja vya nini.

Sadalla akasema samaki na kamba hawalali chumba kimoja. Nikamwambia kamba wangu wamelelewa vizuri, hawatawasumbua samaki wake. Akanitazama kwa huruma, akasema siyo hivyo Mangi, ni kinyume chake. Badria kutoka ndani akasema mpe, mpe aone. Nikachukua kwa ndoo. Nilijua ule ni wivu.

Nikawamimina. Wakaenea. Vioo sikuwahi kuvirudisha, chai ya mzee ilikuwa imeisha. Wekundu kwa dhahabu, tangi likapendeza kama duka la Wahindi. Nikamwita Baba mkubwa, nikamwekea kiti, nikasimama nyuma yake mikono mgongoni, kama meneja.

Akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Halafu akasema kwa mshangao, kwa furaha kabisa, kwamba wamezaa.

Nani kazaa?

Akanionyesha. Sikuona. Akanipa miwani yake. Nikaona! Vitoto! Vidogo kama kope, vimejaa kwenye mchanga, kwenye sponji la pampu, kila mahali, vina miguu, vina masharubu, vinatembea na shughuli zao! Celina kutoka kwenye cherehani akasema ndiyo, tangu juzi usiku. Yule jike alibeba mayai wiki nne. Kaniambia mara tatu. Wiki nzima kaniambia, nikasema baadaye.

Baba mkubwa akaanza kuhesabu, kwa Kichaga, kwa kidole, toka kona ya kushoto. Kwetu mifugo inahesabiwa mara tatu. Hesabu ya kwanza: vitoto hamsini na viwili, wakubwa kumi. Sitini na mbili!

Sitini na mbili! Nilikuwa mkweli! Tangu Alhamisi nilikuwa mkweli na sikujua! Nilimkumbatia mzee kwa nyuma, kofia ikaanguka. Nikaona migomba. Nikaona mfongo.

Hesabu ya pili: thelathini na tisa.

Akasafisha miwani. Hesabu ya tatu: ishirini na tisa. Akageuka polepole, akaniambia kwamba amekagua mazizi mengi maishani, lakini hajawahi kuona mfugaji ambaye mifugo yake inaisha wakati inahesabiwa.

Nikainama. Samaki wa Sadalla. Wanazunguka taratibu, kwa adabu, midomo inafunguka na kujifunga. Mmoja alikuwa na masharubu yanatokeza pembeni mwa mdomo.

Nilipiga kelele. Nikatia mikono yote miwili hadi kwenye viwiko, nikashika maji. Celina akanisukuma kwa nyonga. Akaja na chujio la chai na bakuli la plastiki, akachota, akachota, kimya, macho makavu, kama mtu anayechambua mchele. Aliokoa vitoto kumi na tisa na wakubwa wanane. Bila yeye ningekuwa nafuga maji.

Sadalla alikuja kuchukua samaki wake. Walikuwa wameshiba, hawakutaka hata kukimbia ndoo. Akasema pole, na nadhani alimaanisha. Akasema pia kwamba kama asubuhi ya leo ningelala tu, nisifanye kitu chochote, kihamba kingekuwa changu. Nimekaa barazani mpaka jua likageuka.

Jumapili, 13 Oktoba

Kanisani, kisha chai, kisha mlango ukagongwa. Vitalis. Baba mkubwa alimpigia simu bila kuniambia. Vitalis kaja na shati jeupe na uso wa mtu aliyeitwa kikaoni, na kwenye vikao vya ukoo yeye huitwa kwa mabaya tu.

Mzee akatukalisha mmoja huku, mmoja huku. Akasema yeye kanisamehe, lakini beberu hakuwa wake peke yake. Akataka nichukue isale nimpe mwenyewe.

Mezani yalikuwepo yale manne, ila Celina alikuwa amerudisha moja tangini kwa ajili ya vitoto. Mzee akaonyesha lile lile. Lenye maji, lenye uhai. Nikalichomoa. Nikapiga goti mbele ya Vitalis, nikalinyoosha kwa mikono miwili, linadondosha maji kwenye suruali yake. Nikamweleza. Zizi, tairi, bondeni, yote.

Niliposimulia zile fimbo alizochapwa nikaongeza na la usiku ule. Sikupanga. Yule alikuwa rafiki yangu. Tulilala kitanda kimoja siku zile, na usiku ule alilia amelala kifudifudi kwa sababu mgongo uliuma, akaniuliza kama kweli aliacha zizi wazi, maana yeye mwenyewe hakumbuki. Nikamwambia ndiyo, aliliacha. Akaniamini. Naona aibu, na hapa sina cha kuongeza.

Vitalis akalipokea. Alilitazama lile jani. Akasema miaka yote hii akifunga duka hurudi mara mbili kutikisa kufuli. Mkewe humcheka. Alidhani ndivyo alivyozaliwa.

Halafu akasogeza jani karibu na macho, akauliza hiki kinachotembea ni nini. Kwenye ncha ya isale alikuwepo kamba mmoja, mwekundu, ameng'ang'ania, anapunga masharubu. Vitalis akaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Akacheka mpaka Baba mkubwa naye akacheka, wa kwanza kuacha nilikuwa mimi. Celina akaja na bakuli, akamchukua kamba akamrudisha majini kabla hatujamaliza.

Kisha hukumu. Kihamba cha Babu anakabidhiwa Vitalis. Mzee akasema asingeweza kumnyima mtu kwa doa ambalo si lake, na kwamba mtu anayetikisa kufuli mara mbili ndiye anayemtaka pale. Kwangu akasema nina moyo, na ndani ya nyumba yangu kuna mkono wa kufuga, isipokuwa huo mkono ni wa Celina. Akamwambia Celina aika. Mimi akanigonga begani.

Iliuma. Inauma hata sasa. Lakini sikuweza kusema si haki.

Vitalis wakati anaondoka akanivuta pembeni koridoni. Akasema mfongo unapita pale pale, maji ni safi, nafasi ipo. Niende Desemba tuchimbe kibwawa kidogo, niwaweke hawa walionusurika, nianze taratibu. Sharti lake moja tu: nisimwambie mtu yeyote wa ukoo, neno lolote, idadi yoyote, mpaka wazae na yeye awaone. Nikaapa. Nilimshika mkono nikaapa kwa jina la marehemu Babu.

Ndugu yangu yule. Nimepata somo la maisha, na safari hii limeingia.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu. Kibanda nimefunga. Asubuhi tumempeleka Baba mkubwa kwenye basi. Nimerudi, nimekaa mbele ya tangi. Vitoto kumi na tisa vinakua, naviona bila miwani.

Nimefikiri kwa utulivu. Kumi na tisa, tuseme nusu ni majike. Kila jike vitoto hamsini kila baada ya mwezi na kitu. Kibwawa si tangi, nafasi ni kubwa, samaki wa Sadalla hawapo. Nimechukua karatasi ya kukatia mapazia ya Celina nikapiga hesabu. Hesabu ikagoma kuishia kwenye karatasi!

Nimekumbuka kiapo. Nimekiheshimu. Nimekiheshimu mpaka saa tano na robo. Ndipo shangazi mjane akatuma picha ya sungura wake kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, kazaa watano, na watu thelathini wakamwekea vidole gumba. Vidole gumba thelathini kwa sungura watano!

Sikuandika mengi. Nimeandika tu kwamba mradi mkubwa wa ufugaji unaanza kihambani, awamu ya kwanza, vichwa elfu nne. Sikusema vya nini.

Pongezi zimemiminika. Vitalis kaandika "Ansbert," halafu hajaandika tena. Celina kasoma kwenye simu yake, akazima cherehani, akanitazama, akaiwasha.

Dakika tano baadaye Baba mkubwa naye kajibu, kutoka kwenye basi, wako Chalinze. Ujumbe wa kwanza aliouandika mwenyewe maishani mwake, hauna hata kosa moja. Amesema amefurahi sana, na kwamba Pasaka atahesabu mara tatu.

Pasaka ni mwezi wa nne. Bado mbali. Nimemtumia Vitalis ujumbe achimbe kibwawa kipana kidogo kuliko tulivyosema, na aanze leo.